Kuku wa Bibi na Tasnifu Yangu

Niliingia uani kwa bibi yule saa nne asubuhi, madodoso kwapani, kalamu mbili mfukoni, mwenyekiti wa kitongoji akinitangulia. Ilikuwa mwezi Agosti, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilosa, nami nilikuwa mwanafunzi wa uzamili niliyeamini kwamba nimeiva. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikapewa kigoda. Nikasoma maelezo ya ridhaa neno kwa neno kama nilivyoelekezwa chuoni. Tulikwenda vizuri mpaka swali la kumi na saba: kaya yako ina kuku wangapi? Bibi akacheka, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Mjukuu wangu, wewe ni wa ngapi?"

"Wa ngapi kivipi, bibi?"

"Wa kuja kunihesabia kuku. Mwaka jana walikuja mara mbili. Juzi juzi akaja binti mmoja ana simu kubwa kama sinia."

Nikamuuliza hao wenzangu aliwaambia wangapi. Swali hilo halikuwamo kwenye dodoso, na katika siku zangu zote kumi na tisa kijijini pale ndilo swali la maana nililouliza. Bibi akaeleza bila kuona haya. Wa kwanza walikuwa watu wa mradi wa kugawa vifaranga, basi aliwaambia hana hata mmoja. Wa pili walikuwa watu wa mikopo ya vikundi, akawaambia kumi na watano, maana asiye na kitu hakopeshwi. Yule binti mwenye sinia hakusema anataka nini, akaambiwa watatu. "Na wewe nitakwambia, ukishaniambia kuku wangu unawatakia nini."

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikuwa nawatakia tasnifu. Nikahesabu kwa macho waliokuwa wakiparua chini ya mwembe, nikaandika saba, nikaendelea na swali la kumi na nane. Tasnifu yangu ina jedwali linaloonyesha wastani wa kuku kwa kila kaya, hadi tarakimu mbili baada ya nukta, na siku ya utetezi jopo lililisifu jedwali hilo kwa unadhifu wake.

Miaka imepita, na siku hizi ni mimi ninayeletewa tasnifu za wengine nizisome. Bibi huja kichwani kila ninapofungua sura ya nne.

Sura ya nne, kwa msomaji ambaye hakupitia huko, ndiyo ya matokeo. Tasnifu ya taaluma za maendeleo katika vyuo vyetu ina sura tano au sita zilizopangwa kama vyumba vya nyumba za shirika: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, hitimisho na mapendekezo. Mapendekezo karibu kila mara huitaka serikali itoe elimu kwa wananchi. Mwanafunzi hufundishwa mpangilio huo kwa bidii kubwa. Anajua pambizo za ukurasa ziwe na upana gani, anajua tofauti ya marejeo na bibliografia, anajua lengo kuu moja lizae malengo mahususi matatu, na malengo mahususi matatu yazae maswali matatu. Muulize swali lake lilitoka wapi, atakuonyesha ukurasa.

Na katika sura ya mbinu yumo Yamane. Taro Yamane aliandika kitabu cha takwimu, na toleo lake la 1967 limeingia kwenye tasnifu zetu nyingi kiasi kwamba nikilikosa nahisi kama nimekosa salamu. Kanuni yake ni nyepesi: chukua idadi ya kaya, uigawe kwa moja kujumlisha idadi hiyohiyo mara mraba wa kosa unaloweza kulivumilia. Kijiji chenye kaya 1,200, kwa kosa la asilimia 5, kinakupa sampuli ya kaya 300. Wilaya yenye kaya 100,000 inakupa 398. Hata ukiipa bara zima haitavuka 400. Ni kanuni halali kwa kazi yake, yaani kukadiria sehemu fulani ya watu pale sampuli inapochaguliwa kwa bahati nasibu. Wanafunzi wetu huivaa kama hirizi. Wakishaivaa hawaulizwi tena kama kaya zile 300 zilichaguliwa kwa bahati nasibu kweli, au ni nyumba zilizokuwa njiani mwenyekiti alipokuwa akirudi kwake. Wala hawaulizwi kama jambo wanalolitafuta linahitaji watu 300 kwa wiki mbili, au watu 12 kwa miezi sita.

Nasema wazi ninachokiamini, ili anayetaka kunipinga asipate taabu ya kunitafuta: vyuo vyetu vinamfundisha mwanafunzi wa uzamili kukusanya majibu, na vinamwacha bila ufundi wa kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakuwahi kuliona dodoso letu.

Anayedhani haya ni mambo ya wasomi kugombania nafasi za koma, aende Kongwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi Afrika Mashariki. Walitumia wiki tisa, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka kwenye ndege. Ripoti yao ilipendekeza mashamba ya zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Wagogo waliokuwa wakiishi Kongwa walijua mvua za huko zinavyodanganya, na walijua udongo ule ukikauka unakuwa kama sakafu. Hakuna aliyewauliza kwa namna ya kutaka kujua. Matrekta yalikuja, karanga zikapandwa, udongo ukakauka, karanga zikagoma kung'oka. Mradi ulipofutwa Januari 1951, pauni za Kiingereza zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwenda na upepo wa Dodoma. Wale watatu hawakuwa wajinga. Wakefield mwenyewe alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyeifanyia kazi Tanganyika kwa miaka. Walikwenda na swali lililokwisha kujibiwa London, wakatafuta mahali pa kulibandika.

Ajabu ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ilichanganywa hapahapa. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa 1973, wakati chuo kikiwaka moto wa mijadala. Miaka hiyohiyo Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia wa Finland aliyekuwa ameishi na Wazaramo na kuandika juu ya mila zao, alikuwa akiwapeleka wanafunzi vijijini wakakae, wafanye kazi na wenyeji, wakutane nao na kuyachambua matatizo pamoja. Katikati ya muongo ule alikuwa miongoni mwa walioanzisha mradi wa Jipemoyo magharibi mwa wilaya ya Bagamoyo, ambako watafiti wa Tanzania na Finland walijaribu kumfanya mwanakijiji awe mtafiti mwenzao. Pale Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima alikuwapo Budd Hall, mmoja wa watu waliolisambaza duniani jina la utafiti shirikishi. Leo mwanafunzi wetu akitaka kuandika juu ya utafiti shirikishi hunukuu vitabu vya Ulaya na Marekani, bila kujua kwamba mbegu mojawapo ilioteshwa kilomita chache kutoka kituo anachopandia daladala.

Sitaki kuyapamba mambo ya kale. Utafiti shirikishi nao uligeuka ibada. Nimeshuhudia wanakijiji wakichoreshwa ramani ya kijiji chao chini, kwa vijiti, majani na mkaa, kwa mara ya nne katika miaka sita, na kila kundi likiipiga picha ramani ile kama limeivumbua lenyewe. Mzee mmoja alinong'ona kwamba safari hii wangechora na mto uliokauka, angalau kuwe na kipya.

Kilichobadilika kati ya Jipemoyo na leo ni nani analipa na anataka nini. Mwaka 2011, Mahmood Mamdani, aliyekuwa amerudi Makerere kuongoza taasisi ya utafiti wa jamii, alitoa mhadhara akiulaumu utamaduni wa ushauri elekezi. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba mshauri anapewa tatizo na mteja na kazi yake ni kutafuta jibu, ilhali mtafiti kazi yake ya kwanza ni kulitazama tatizo lenyewe na kuuliza kama limewekwa sawasawa. Chuo kilichojaa washauri kitatoa wahitimu wanaojua kuandika ripoti za kurasa sitini kwa wakati, wasiojua kulikataa swali. Taasisi yake ikaanzisha shahada ya uzamivu yenye miaka ya kusoma darasani kabla ya kwenda uwandani, jambo lililoonekana kama anasa. Mamdani ana wakosoaji wengi Kampala, na baadhi yao wana haki. Katika hili nadhani alilenga penyewe. Msimamizi wangu, mtu mwema, alinipa mada ya tasnifu kutoka kwenye mradi aliokuwa akiutathmini. Sikuwahi kumuuliza kwa nini kuku.

Tuje kwenye barua na kalenda, mambo mawili yasiyofundishwa na mhadhiri yeyote, nayo ndiyo yanayoamua mwanafunzi ataona nini.

Mwanafunzi hatui kijijini kama mvua. Anatoka na barua ya chuo, anaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anaandikiwa nyingine kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ndiye anayemtembeza. Akiwa mtafiti wa kutoka nje ya nchi anaanzia COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya 1986. Sipingi vibali, kuna watu wamekuja kwetu na kuondoka na damu, mbegu na hadithi zetu bila hata asante. Ila tazama kinachotokea mlango unapofunguliwa. Umekuja na serikali. Umeongozana na mwenyekiti. Kila unayemuuliza kama anaridhika na huduma za zahanati anajibu akimtazama mwenyekiti, kisha tunaandika kwamba asilimia 82 wameridhika. Nilipowasomea watu fomu ya ridhaa na kuwaomba saini, wengine walirudi nyuma. Katika kijiji chenye mgogoro wa ardhi, karatasi ngeni inayotaka dole gumba ni tishio, hata ikiwa na nembo ya chuo. Wale waliokataa niliwaandika "hawakupatikana".

Kuhusu kalenda, Robert Chambers, Mwingereza aliyewahi kuwa ofisa tawala wa kikoloni nchini Kenya na baadaye kuwa mwalimu pale Sussex, aliandika kitabu mwaka 1983 ambamo aliwacheka wataalamu, akiwamo yeye mwenyewe, kwa kile alichokiita utalii wa maendeleo vijijini. Wataalamu huenda palipo na lami. Huenda palipo na mradi. Huzungumza na wanaume, viongozi na wenye afya. Na huenda kiangazi. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na tazama ratiba zetu: masomo ya darasani yanaisha Juni, mwanafunzi anakwenda uwandani Julai hadi Septemba. Barabara zinapitika. Mavuno yako ghalani. Harusi na ngoma zinapamba moto. Ndipo anapouliza, "Katika siku saba zilizopita, je, kaya yako ilikosa chakula?" Nenda Dodoma au Singida mwezi Agosti na swali hilo, kisha rudi Februari, ghala likiwa limebaki na panya na jembe likiwa halingoji. Utadhani umebadilishiwa kijiji. Nimesoma tasnifu kadhaa juu ya usalama wa chakula ambazo waandishi wake hawakuwahi kukiona kijiji chao wakati wa njaa, kwa kuwa Februari walikuwa kwenye mtihani.

Hapo sijagusa lugha, na lugha ndiyo inayoniuma.

Mwanafunzi wetu, aliyezaliwa Tabora au Tanga, hulifikiri swali lake kwa Kiingereza kwa sababu tasnifu ataiandika kwa Kiingereza. Usiku wa kuamkia safari hulitafsiri dodoso kwa Kiswahili. Kijijini, mahojiano yanafanyika kwa Kiswahili, wakati mwingine kwa Kigogo au Kisukuma kupitia kwa kijana aliyelipwa siku. Jibu linarudishwa kwenye Kiingereza. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi kuna mizigo inashuka njiani, na hakuna sura ya tasnifu inayoitafuta.

Chukua uwezeshaji. Katika vitabu vya maendeleo ni neno kubwa, linabeba mamlaka ya mwanamke juu ya maisha yake, sauti yake, maamuzi yake. Mtaani kwetu, kumwezesha mtu ni kumpa pesa. Anayesema "niwezeshe, kaka" hadai sauti. Ukimuuliza mama wa kikundi cha kuweka na kukopa kama amewezeshwa, anakujibu juu ya shilingi, nawe unaandika juu ya sauti. Kujengewa uwezo nako kumekuja kumaanisha semina hotelini na posho ya nauli. Jinsia inabebeshwa dhana mbili ambazo Kiingereza kimezigawa katika maneno mawili. Kaya, ambalo ndilo jiwe la msingi la kila sampuli, kwa Tanzania ni watu wanaokula chungu kimoja. Vuka mpaka wa Horohoro uingie pwani ya Kenya, kaya ni msitu mtakatifu wa Wamijikenda, boma la kale la wahenga wao, na baadhi yake yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Hata hapa kwetu, mwanamume mwenye wake wawili katika nyumba mbili zenye vyungu viwili na shamba moja, ana kaya ngapi? Dodoso linataka moja. Mke mdogo ataingia wapi anajua mkusanya data peke yake, saa saba mchana, juani, akiwa na njaa.

Kisha kuna lile swali la kazi. "Je, unafanya kazi?" Mama aliyeamka saa kumi alfajiri, akateka maji, akapalilia, akapika, akamwogesha mtoto wa marehemu dada yake, atakujibu, "Hapana, mimi nipo tu nyumbani." Neno kazi kwake lina mshahara ndani yake. Mtafiti anayelijua hilo ataacha kuuliza kazi, atauliza jana ilikuwaje tangu kuamka mpaka kulala, kisha atanyamaza na kusikiliza. Hapo ndipo ufundi ulipo, na mtu aliyezaliwa na Kiswahili angepaswa kuwa nao kuliko mgeni. Tunao utajiri huo na tunautupa mlangoni, kwa kuwa Kiswahili tumekifanya lugha ya kuulizia na Kiingereza lugha ya kufikiria.

Wapo watakaosema namba ndizo tatizo langu. Hata kidogo. Mwaka 1998, katika wilaya ya Busia magharibi mwa Kenya, mradi wa dawa za minyoo ulianza kuzifikia shule 75 kwa awamu, nao Edward Miguel na Michael Kremer wakafuatilia tofauti kati ya shule zilizotangulia na zilizosubiri. Makala yao ya 2004 ilionyesha kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo, na kwamba hata watoto wasiomeza dawa walinufaika kwa kuwa jirani zao hawakuwaambukiza. Baadaye wataalamu wengine walizirudia hesabu zile, wakakuta makosa, ukazuka ubishi mkali mwaka 2015, ubishi ambao binafsi nauona kuwa afya ya sayansi. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya kuwa mchumi, Kremer aliwahi kufundisha sekondari eneo la Kakamega. Alimjua mwanafunzi mtoro kwa jina kabla hajamweka kwenye jedwali.

Lakini mbinu ileile, ikishikwa na mkono mwingine, inaweza kuumiza. Mwaka 2020 ilichapishwa ripoti ya jaribio lililofanywa Kayole-Soweto, Nairobi, kwa kushirikiana na kampuni ya maji ya jiji. Wenye nyumba waliokuwa na madeni ya maji walichaguliwa kwa bahati nasibu, baadhi yao wakakumbana na tishio la kukatiwa, na wasiolipa wakakatiwa kweli, ili ipimwe kama hilo lingewafanya walipe. Watafiti walijitetea kwamba mkataba wa maji uliruhusu kukata na kwamba lengo lilikuwa huduma endelevu. Kelele zilizopigwa zilikuwa juu ya mpangaji: deni si lake, ridhaa hakuombwa, mfereji umekauka. Mimi niko upande wa mpangaji. Na ninavyoona, fomu ya maadili haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa uani Kayole na kuuliza nani hasa ataamka bila maji. Kesi hii ingesomeshwa katika kila darasa la mbinu za utafiti kuanzia hapa mpaka Harvard.

Kuhusu kupika data nitasema machache, kwa kuwa kila aliyewahi kukusanya data analijua jiko lilipo. Patricia Kingori, msomi mzaliwa wa Kenya anayefundisha Oxford, amewachunguza wakusanya data wa chini kabisa na mazingira yanayowafanya waghushi: malipo duni, idadi ya madodoso isiyowezekana kwa siku, na kudharauliwa na wakubwa wanaosaini makala. Mwanafunzi wa uzamili aliyeajiriwa, anayesoma jioni na mwisho wa wiki, aliyejilipia ada mwenyewe na kupewa likizo ya siku kumi na nne kukusanya madodoso 300, tumempa sufuria, kuni na kiberiti. Tunashangaa nini tukinusa moshi?

Sasa nifanye nini na bibi wa Kilosa? Nilimwahidi, kama fomu ilivyonitaka nimwahidi, kwamba matokeo yatamfikia. Fomu zote husema hivyo. Tasnifu yangu iko rafu ya tatu katika maktaba ya chuo, kwa Kiingereza, kurasa 114, na tangu siku ile sijawahi kurudi kijijini pale. Nakiri hili hadharani kwa aibu, si kwa majivuno ya mtu aliyetubu.

Ombi langu kwa wakuu wa kurugenzi za masomo ya juu ni dogo na halihitaji mfadhili. Kabla mwanafunzi hajapangiwa siku ya utetezi, arudi pale alipokusanya data akiwa na kurasa nne za Kiswahili, azisome mbele ya watu waliomjibu, awaache wamkosoe. Muhtasari wa mkutano, wenye mhuri wa kijiji, uambatishwe nyuma ya tasnifu pale panapowekwa barua za vibali. Anayetafiti mjini aende serikali ya mtaa. Wenzetu wa Kenya wana baraza la chifu. Najua litakaloulizwa, nauli. Nauli ya basi kurudi mara moja ni ndogo kuliko gharama ya kuchapa na kujalidi nakala nne za tasnifu, na hiyo hakuna anayeilalamikia. Najua pia kuna watakaoghushi mihuri. Lakini yule atakayekwenda kweli ataandika tofauti tangu siku ya kwanza, akijua kwamba kuna siku atasimama mbele ya mwenye kuku na kumsomea idadi ya kuku wake.

Kwa mujibu wa sheria zetu za serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ajenda ya mwisho huitwa "mengineyo". Nafasi ya mwanafunzi ipo hapo, na haijawahi kujaa.